Hapa Palikuwa na Mtu

Grafu ilitoka imepinduka. Palipotakiwa kuwa na vilima palikuwa na mabonde, na Bi Futa, aliyekuwa ameketi mbele ya skrini na chupa ya spiriti mkononi, akaiweka chupa chini taratibu. Aliijua mashine ile kama mama anavyomjua mwanawe kwa kikohozi tu. Hapa palikuwa na uchafu wa mtu.

"Nani tena," alisema peke yake. "Jamani, hata siku moja sijamaliza tangu nitoke likizo. Nani tena?"

Ilikuwa mashine ya infraredi, moja tu kwa maabara nzima, na watafiti wote waliigombania kama bafu la nyumba ya kupanga. Kazi yake ni kurusha miale ya joto ambayo jicho halioni, kisha kukuchorea vilima vya kukuambia kitu ulichokileta kimeumbwa na nini. Kitu chenyewe unakiweka juu ya jiwe la almasi, dogo kama punje ya dengu, unashusha mkono wa chuma ukibane, unabonyeza, basi. Lakini kabla ya hayo yote, jiwe likiwa safi na tupu, sharti uipimishe mashine hewa. Unaiambia: hivi ndivyo hali ilivyo pasipo na kitu. Na mashine haina ubishi. Chochote ulichoiambia kuwa si kitu, itakitoa katika kila kipimo kitakachofuata. Ukipima hewa huku umeacha uchafu juu ya jiwe, itaapa kwamba uchafu ule ni hewa, na siku ukiuondoa itakuchorea bonde mahali pake. Maana ya bonde ni hiyo tu: kilikuwepo kitu, mkasema hakipo, na sasa kimeondoka.

Masharti alikuwa ameyabandika ukutani kwa herufi ambazo hata kipofu angezipapasa. Vaa glavu. Futa jiwe kwa spiriti kabla. Futa baada. Pima hewa yako mwenyewe, usitumie ya mwenzio. Alikuwa amelisema neno "futa" mara nyingi mno mpaka wakamwita hivyo, naye akalikubali jina, ila jiwe hawakulifuta. Watu wazima hao, wenye shahada za kutundika ukutani, jiwe la ukubwa wa dengu linawashinda. Wanaondoka wameliacha na mafuta, na rangi, na dawa za kuua panya, atakayekuja nyuma apake kidole akafie mbele. Ukiwaambia, wanakucheka.

Safari hii hakuhitaji kupiga bao kumjua mhusika. Alimwona kwa macho yake siku ile ya mwisho kabla ya likizo.

Watu wa makumbusho walikuwa wameleta mtungi wa zamani, mdomo wake umezibwa kwa utomvu mweusi, wakitaka kujua ni utomvu wa mti gani. Waliomba uchukuliwe punje moja ya ukingoni. Kazi akapewa Chapchap, mtafiti kijana mwenye kipaji na mdomo, ambaye hakuwahi kutembea pale penye nafasi ya kukimbia. Yeye akabandua kizibo chote. Mtungi ulikuwa mtupu, akacheka. Akabana kipande cha utomvu chini ya mkono wa chuma, akapima, akatoka nje kupokea simu, na jiwe akaliacha limeganda weusi unaonuka kama kitu kilichoungua.

Aliyekuja nyuma yake alikuwa Chiriku. Huyu ni binti wa kaka yake Bi Futa, mwanafunzi katika kundi lile lile la Chapchap, anayelala chumba cha pili nyumbani kwa shangazi yake, na jina alilipata kwa sababu mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Glavu zilikuwa zimekwisha. Shangazi mtu alikuwa amekwenda stoo kuleta boksi jingine. Chiriku hakungoja, akachovya tishu kwenye spiriti akaanza kusugua, tishu ikachanika, na kidole chake kikagusa jiwe. Wakati huo huo Chapchap akarudi, akaketi kwenye kibodi, macho kwenye simu, akabonyeza.

"Wewe, ngoja," Bi Futa alisema akiwa mlangoni na boksi lake. "Mtoto ana kidole hapo."

"Nishapima hewa, mama. Sekunde tu."

Na kama kwamba hilo halikutosha, hewa yake hiyo akaihifadhi kwenye kompyuta kwa nywila yake, akawatangazia wote: kuanzia leo hakuna haja ya kila mtu kupoteza muda, tumieni hii yangu. Wakafurahi. Na muda wote Bi Futa alipokuwa likizo, maabara nzima ilipima kwa hewa ile.

Bi Futa alimkuta Chapchap mezani kwake.

"Shikamoo, Bi Futa," Chapchap alisema bila kuinua macho.

"Marahaba. Futa ile hewa yako."

"Siwezi. Makala ya mtungi imeshakubaliwa, na wafadhili wanakuja kuiona mashine. Vipimo vyote vimetokana na hewa ile. Nikiifuta nimejifuta mwenyewe."

"Ulipima kidole cha mtoto juu ya jiwe."

"Mtoto gani?"

"Chiriku. Mwenzako. Anakaa hapo." Akamwonyesha meza ya dirishani. Ilikuwa imejaa maboksi ya karatasi.

Chapchap akakunja uso, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. "Kundi letu tuko watatu tu, mama. Labda umechoka na safari."

Bi Futa akamtazama mpaka kijana akajikuna shingo. Damu ilimpanda kichwani. Kumkosea mtoto wa watu ni jambo moja. Kujifanya humjui ni jambo jingine, tena huo ni ushenzi uliovaa koti jeupe. Akaenda kwa mkuu wa maabara, na mkuu, ambaye alipenda amani kuliko ukweli, akamwambia watumie busara, wafadhili wakishaondoka wataangalia.

Chiriku mwenyewe alimkuta kwenye ngazi za nyuma, amekaa na mkoba mapajani.

"Shangazi, mimi nimewakosea nini?" aliuliza. "Nikisalimia hawaitikii. Chai ikigawiwa kikombe changu hakipo. Leo bwana mmoja amekuja akanikalia, shangazi. Amenikalia mapajani kabisa, akafungua kompyuta yake. Nimepiga kelele, akainuka akasema kiti hiki kina baridi."

"Wanakuchezea."

"Nilidhani hivyo. Nilicheka wiki nzima." Akanyoosha kidole cha shahada. Ncha yake ilikuwa laini, inang'aa kama kioo, mistari yote ya ngozi imekwisha. Bi Futa alipokiinamia akasikia harufu ya utomvu ulioungua.

"Kinauma?"

"Hakiumi. Kinashikwa." Sauti yake ilishuka. "Kuna mtu ananishika hapo muda wote. Hata sasa."

Siku zilizofuata Bi Futa hakuwa na raha. Alisikia mkono wa chuma ukishuka wenyewe, tak, chumba kikiwa hakina mtu. Alikuta jiwe lina ukungu, kama limehemewa kwa karibu. Alilifuta kwa spiriti akavaa glavu mpya akalifuta tena, naye alipogeuka ukungu ulikuwa umerudi. Na mabonde kwenye grafu za watu yalizidi kuzama kila walipopima, lakini wao walishazoea, wakayaita tabia ya mashine.

Mchana mmoja, wenzake wote wakiwa wamekwenda kula, alijifungia na mashine. Akapima hewa yake mwenyewe kama masharti yanavyotaka, jiwe tupu, safi, linameta. Kisha akapima jiwe lile lile tupu. Hapo mstari ulitakiwa utoke umelala, maana umepima hewa ukatoa hewa. Haukulala. Kikainuka kilima kimoja pembeni ya skrini, kidogo, halafu cha pili, halafu vikaanza kupanda na kushuka pamoja, polepole, kwa mwendo ambao aliutambua kabla hajataka kuutambua, kwa kuwa ni mwendo wa kifua cha mtu aliyelala, na kila vilipopanda harufu ya utomvu ilijaa chumbani na kila viliposhuka shingo yake ilipata upepo wa moto, na mkono wa chuma ukashuka tak, ukapanda, ukashuka tak, na akiwa amekaza macho kwenye skrini kwa sababu hakuthubutu kuyapeleka kwingine, akasikia sikioni mwake sauti ya mpwa wake, ile ile ya uchangamfu, lakini nzito kama inayotoka ndani ya chungu, ikiuliza neno moja tu.

"Nani?"

Alitoka mbio na kiatu kimoja.

Jioni, Chiriku akiwa jikoni anamenya viazi, simu ililia. Alikuwa wifi yake Bi Futa, mama mzazi wa Chiriku, ambaye hupiga kila wiki, na kwa kawaida hata salamu haijaisha ameshasema nipe mwanangu. Leo aliuliza hali, akasema habari za paa linalovuja, akacheka, akaanza kuaga.

"Wifi," Bi Futa alisema, "huongei na mwanao?"

"Mwanangu yupi? Wote wawili wako hapa, wanagombana."

"Binti yako."

Sauti ya wifi ikabadilika. "Wifi yangu, utani mwingine unauma. Unajua nilivyohangaika kupata mtoto wa kike nikakosa. Usinifanyie hivyo." Na simu ikakatika.

Kisu kilikuwa kimeacha kumenya. Chiriku alikuwa amesimama na kiazi mkononi, amesikia kila kitu, na hakulia. Alikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyepigwa na hana wa kumlalamikia. "Amenizaa," alisema. "Chapchap anisahau, mkuu anisahau, sawa. Lakini huyu amenizaa, shangazi."

Asubuhi yake Bi Futa alichemsha chai, akamimina kikombe kimoja, akanywa, akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo. Alifika nusu ya njia ndipo akasimama katikati ya watu, mikono kichwani. Alikuwa amemfungia mtoto ndani, wala si haraka iliyomsahaulisha. Kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, alikuwa ameishi peke yake. Akarudi mbio huku analia.

Hakwenda kazini siku hiyo. Alimshika Chiriku mkono wakaenda mtaa wa nyuma, kwa mama mmoja mshona mapazia aliyejulikana kwa kuyatoa majini yaliyoshindikana. Hakuwa na mbwembwe. Aliwakaribisha huku cherehani inazunguka, miwani puani, pini mdomoni.

"Mmekuja wangapi?" aliuliza.

"Wawili. Humwoni?"

"Simwoni. Naona kiti kimebonyea." Akazima cherehani, akatema pini kiganjani. "Nieleze. Polepole, na usinifokee, mimi sijakukosea."

Bi Futa akaeleza kizibo, jiwe, kidole, hewa. Mshona mapazia hakuwahi kuona mashine ya namna hiyo, lakini alisikiliza kama mtu anayesimuliwa ugomvi wa majirani.

"Sasa jini huyu," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini, "kafungwa mtungini tangu babu wa babu yako hajazaliwa. Anatolewa tu, neno la kwanza analolisikia ni mtu anasema hapa hapana kitu. Wewe ungefurahi? Kakasirika. Na kwa kuwa binti alikuwa kamgusa, wamefutwa pamoja, naye kamshika kidole hamwachii. Kila mnapopima mnawafuta tena."

"Huyo kijana anajifanya hamjui."

"Huenda hajifanyi. Anayebonyeza ndiye wa kwanza kusahau. Aliyeshuhudia ndiye wa mwisho. Wewe uliona, ndiyo maana bado unaye."

"Leo nimemsahau," Bi Futa alisema. "Kidogo tu."

"Basi fanyeni upesi. Ukishasahau na wewe, nani atakuja kuniuliza?" Akavua miwani. "Yule yule aliyebonyeza akae pale pale, aseme kwa kinywa chake: hapa palikuwa na mtu. Aifute hewa yake. Alifute jiwe kwa mkono wake. Kisha wote mtoe mikono, jiwe libaki tupu, ndipo mpime hewa mpya. Na asibonyeze mwenye hasira. Jini wa namna hii hulala ndani ya hasira ya mtu kama paka kwenye majivu ya moto."

"Sina hasira."

"Tangu umeingia umekunja ngumi. Sijui hata kama ni yako au ni yake. Hasira hasara, dada yangu."

Kesho yake, saa ya chakula, Bi Futa alimwita Chapchap chumba cha mashine akasema imeharibika. Alikuja mbio. Bi Futa akafunga mlango nyuma yake, ufunguo akautia mfukoni.

"Fungua, Bi Futa. Nina wageni kesho."

"Kaa. Tumia hewa yako, ile ile. Jiwe nalifuta mbele ya macho yako. Umeona? Pima."

Akapima kwa hasira. Mabonde yakatoka, yamezama mpaka chini ya skrini.

"Soma. Wewe si msomi? Mabonde maana yake nini?"

"Kulikuwa na kitu wakati wa kupima hewa," alisema kwa shingo upande. "Masalia ya utomvu. Haibadilishi chochote."

"Chiriku, weka kidole."

"Unaongea na nani?"

"Pima."

Juu ya jiwe hapakuwa na kitu ambacho Chapchap aliweza kukiona. Akapima. Bonde la kwanza likajaa. La pili likajaa. Yote yakajaa moja baada ya jingine kama mashimo ya barabara yanayomwagiwa mchanga, mpaka mstari ukalala, umenyooka, kimya. Akatazama jiwe. Akatazama skrini.

"Toa," Bi Futa akasema. "Pima tena."

Mabonde.

"Weka."

Mstari ukalala. Sasa uso wa Chapchap ulikuwa umepoteza rangi. Mtu anaweza kumkana mtu, lakini huyu hakuwahi kukana grafu maishani mwake. Akanyoosha mkono taratibu kuelekea kwenye jiwe, na kabla haujafika ukagonga kitu kigumu na cha baridi, akakipapasa, na kilikuwa kifundo cha mkono wa mtu, chembamba, chenye bangili, na chini ya kifundo hicho, kimekishikilia kidole, kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa cha moto.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Alikuwa anaimba. Akiosha vyombo alikuwa anaimba, mimi namwambia anyamaze. Chiriku." Akaendelea kukipapasa kifundo. "Nilimsahauje? Nilikaa naye meza moja."

"Sema."

"Hapa palikuwa na mtu," Chapchap alisema. Akaandika nywila yake, akaifuta ile hewa.

Mkono wa chuma uliruka juu kwa kishindo. Taa zikafifia, harufu ikajaa mpaka wakashika pua, na kitu kikapita kati yao kikisugua nguo zao, kikihema, kikizunguka chumba kama mgeni ambaye hajaonyeshwa pa kuketi. Kisha Chiriku akapiga yowe, na yowe lile Chapchap alilisikia, akaruka mpaka ukutani. Alimwona. Msichana mwembamba amekaa sakafuni, anabusu kidole chake chenye mistari.

Bi Futa akapiga magoti akamkumbatia, akamnusa nywele, akamshika mashavu. Chapchap, kwa mkono mtupu, akachukua tishu yenye spiriti, akaanza kulifuta jiwe kama alivyoagizwa. Alilifuta vizuri. Pengine mara ya kwanza maishani mwake. Na angenyamaza, hadithi ingeishia hapo.

"Ila mkuu asijue," alisema, kidole bado kiko kwenye jiwe. "Bi Futa, nakuomba. Binti si mzima? Si huyo? Makala imeshakubaliwa. Tuseme tu hakuna kilichotokea."

Hakuna kilichotokea. Mama wa watu kamkana mwanawe wa kumzaa, mtoto kakaliwa mapajani kama mto wa kiti, na huyu, machozi hayajakauka, anasema hakuna kilichotokea. Bi Futa alisimama. Alikwenda kwenye kibodi. Shingoni alihisi upepo wa moto, akajua ni nini, na hakujali. Asikudanganye mtu kwamba ilikuwa bahati mbaya: alikiona kidole. Alikitazama kabisa.

"Shangazi, bado ana mkono hapo," Chiriku alisema kutoka sakafuni.

Akabonyeza.

Wafadhili walikuja wakaondoka wameridhika. Mkuu wa maabara, akitaka mambo yanyooke, alitoa agizo kwamba kuanzia sasa wote watumie hewa aliyoipima Bi Futa, kwa kuwa ndiye anayejua kufuta. Meza moja ya kundi lile ilipewa mashine ya kuchapisha. Wifi alipiga simu, na salamu haijaisha akasema nipe mwanangu, wakaongea mpaka chaji ikaisha. Vikombe vya chai vilitosha. Mtu aliyewahi kumkalia Chiriku alimwambia ana maneno mengi, naye akamjibu.

Bi Futa alinenepa kidogo. Alikuwa na furaha, akilifuta jiwe lake kila asubuhi huku anaimba kwa sauti mbovu. Ila chumba hakikuisha harufu, na grafu za asubuhi zilianza kutoka zimezama kidogo. Alisema mashine imezeeka.

Chiriku alivumilia alivyoweza, kisha asubuhi moja akaingia akafunga mlango.

"Shangazi, yatosha sasa," alisema. "Mwachie."

"Nimwachie nini?"

"Anasimama ukutani siku nzima asikanyagwe na watu. Saa ya chai anapanga foleni. Anapofika mbele wanamruka. Nilikuwa na hasira naye kuliko wewe, shangazi, mimi ndiye nilikuwa huko. Nilitaka aonje. Ameonja." Akaelekeza kidole kwenye kibodi. "Aliyebonyeza ndiye wa kusema. Ni wewe tu. Kaa hapo useme maneno yale, basi."

Bi Futa alikunja tishu yake vizuri, akaiweka kwenye pipa. Akamgeukia mpwa wake kwa uso uliojaa mapenzi, uso wa mtu anayetaka kusaidia.

"Nimwachie nani, mwanangu?"

Chiriku akamtazama machoni, akitafuta utani, au hata ile hasira. Hapakuwa na kimojawapo. Nyuma ya shangazi yake, karibu na mashine, mtu mwenye koti jeupe aliyekuwa akisema kitu kile kile tangu alfajiri aliacha kusema. Alimtazama Chiriku peke yake, akingoja.

"Yule," Chiriku alisema. "Yule kijana wa mtungi, mwenye haraka zake. Anaitwa..."

Akafungua kinywa amtaje, na jina likachelewa kuja.